Namna ya kusoma ofseti na vipimo vya rimu kabla hujatoa hela

Watu wengi wakienda kununua sporti rimu wanauliza mambo mawili tu, bei gani na inchi ngapi. Akishaambiwa inchi 17 anahesabu matundu, yako matano, gari yake nayo ina nati tano, basi analipa. Haipiti muda yuko gereji analalamika gari ikipita kwenye tuta inakwaruza, au usukani unatetemeka akigusa spidi 90, au tairi ya mbele imelika upande mmoja mpaka nyuzi zinaonekana. Na mara nyingi muuzaji hata hajamdanganya, rimu ni nzima kabisa, ila sio ya gari ile, na namba za kumwambia hivyo zilikuwepo kwenye rimu yenyewe muda wote. Kwa hiyo hapa tunazisoma hizo namba moja baada ya nyingine, na kwenye ofseti nitakaa sana maana ndio inayoamua tairi itakaa wapi ndani ya fenda, na ndio watu wanaipita bila kuiangalia.

Anza kwa kuigeuza rimu. Uzuri wa rimu uko mbele ila habari zake ziko mgongoni, nyuma ya spoku au karibu na tundu la katikati, utakuta maandishi yametupwa kwenye chuma chenyewe. Kama imejaa vumbi la breki ifute na kitambaa chenye maji, alafu tumia tochi ya simu kwa kuilaza pembeni maandishi yatasimama. Utaona kitu kama 17x7J, pengine 5x100, alafu ET45 au +45 au hata 45 tu peke yake, hiyo ndio ofseti. Kwa rimu za Japani tafuta pia alama ya JWL na VIA, JWL ni kiwango cha Japani cha rimu za aloi na VIA inaonyesha imepimwa na kusajiliwa. Gari za mizigo kama Hiace van zinatakiwa JWL-T, maana zile zinabeba uzito tofauti kabisa na Premio ya kwenda nayo kazini, kwa hiyo usimvishe Hiace rimu kwa sababu tu matundu sita yameingia.

Ile 17 ni kipenyo kwa inchi, na 7 ni upana kwa inchi. Hiyo herufi J ni umbo la ukingo unaoshika tairi, isikuumize kichwa. Ila upana ukumbuke kitu kimoja, unapimwa pale tairi inapokaa kwa ndani, sio mdomo hadi mdomo. Ukiweka tepu kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje utapata karibu inchi moja zaidi, rimu ya 7 itakusomea kama 8, na wengine wanauziwa hivyo hivyo, anaambiwa nane kumbe saba.

Nati: idadi peke yake haitoshi

5x100 maana yake nati tano, na ukichora duara linalopita katikati ya matundu yote kipenyo chake ni milimita 100. Hiyo ndio PCD. Toyota zinazojaa barabarani kwetu zimegawanyika hapa, Premio na Allion na Wish ni 5x100, wakati Mark X, Crown, Harrier, RAV4 na Noah za miaka ya 2000 kuja huku ni 5x114.3. Vitz na IST ya kwanza ni 4x100. Prado, Hilux na Hiace ni 6x139.7, Land Cruiser 100 na 200 ni 5x150. Nissan X-Trail 5x114.3. Subaru Impreza na Forester za zamani 5x100, ila Impreza STI kuanzia modeli ya 2005 zikahamia 5x114.3, kwa hiyo hata ndani ya familia moja usibahatishe, pima.

Kupima matundu manne au sita ni rahisi, unapima tundu na lile linalotazamana nalo, kutoka ukingo wa kushoto wa tundu la kwanza mpaka ukingo wa kushoto wa tundu la pili, hiyo inakupa katikati kwa katikati bila kubahatisha katikati ya tundu iko wapi. Matano hayatazamani, hivyo pima matundu mawili yaliyo jirani, kwa mtindo ule ule wa ukingo kwa ukingo, alafu zidisha kwa 1.701. Ukipata kama 58.8 hapo ni 100, ukipata 67.2 ni 114.3.

Sasa angalia hapa, 5x112 ya Golf na Mercedes ukiipima hivyo unapata 65.8. Tofauti na 67.2 ni milimita moja na kidogo. Ndio maana mtu anaweza kuchukua rimu ya Mercedes akailazimisha kwenye Mark X na nati zikaonekana zimeingia. Zimeingia ila hazijakaa, kila nati inavuta stadi (ile bolti ya gari inayoingia kwenye nati) upande wake, koni inashika upande mmoja, na kadri unavyoendesha zinalegea au stadi inachoka mpaka inakatika. Fundi akikwambia "inaingia tu boss, tunakaza pole pole" mwambie hapana asante, na usione aibu kuondoka.

Rimu nyingi za aftamaketi, yani zisizokuja na gari, zina matundu kumi au nane, yani zimetobolewa PCD mbili kwa pamoja, mfano 5x100 na 5x114.3. Hizo sio mbaya zikiwa zimetengenezwa hivyo kiwandani. Zilizotobolewa mtaani na drili baadaye ni habari nyingine, utaziona matundu yako karibu mno, hayana nafasi sawa, na pale koni inapokaa pamechongwa vibaya. Hizo achana nazo hata kama ni za bure.

Tundu la katikati

Gari ina kile kitako cha duara kinachotokeza katikati ya habu, pale rimu inapofungwa. Toyota ndogo za 4x100 na 5x100 ni milimita 54.1, Toyota za 5x114.3 ni 60.1, Honda za 5x114.3 ni 64.1, Nissan za 5x114.3 ni 66.1, Mazda na Mitsubishi za 5x114.3 ni 67.1, Subaru 56.1. Rimu ikiwa na tundu dogo kuliko hapo haitaingia, mjadala umeisha. Ikiwa na tundu kubwa inaingia lakini inabaki inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikaa hata nusu milimita pembeni ya katikati utaisikia kwenye usukani ukiwa barabara kuu. Unaenda balansi mara ya kwanza, ya pili, mashine inasoma sifuri na bado inatetemeka, kwa sababu kwenye mashine rimu imebanwa katikati sawasawa na kwenye gari haijakaa katikati.

Dawa yake ni pete za habu, ni pete nyembamba za plastiki au aluminiamu zinazojaza ile nafasi. Rimu nyingi za aftamaketi zina tundu la 73.1, kwa Premio unatafuta pete ya 73.1 kwa nje na 54.1 kwa ndani. Seti ya nne haina bei ya kutisha na inamaliza tatizo ambalo watu wanalikimbiza kwa kubadilisha shokapu na tairodi. Kabla ya kuzivalisha safisha kutu kwenye habu na brashi ya waya, kutu nayo inaisukuma rimu ikae upande.

Ofseti yenyewe

Isimamishe rimu mbele yako uitazame kwa pembeni, pale unapouona upana wake. Chora mstari kwa mawazo katikati kabisa ya huo upana. Sasa tafuta ule uso bapa wa rimu unaogusana na habu ya gari, pale nati zinapobana. Umbali kati ya ule mstari na huo uso, kwa milimita, ndio ofseti. Uso ukiwa umesogea kuelekea nje, upande unaouona gari imepaki, ofseti ni chanya, ndio +45 au ET45. Ukiwa umeangukia kwenye mstari wenyewe ni sifuri. Ukiwa umesogea upande wa ndani ni hasi, na hapo ndio unapata zile rimu zenye bakuli refu mbele.

Kitu cha kukariri ni hiki, namba ikipungua gurudumu linatoka nje, namba ikiongezeka gurudumu linaingia ndani. Toka +45 kwenda +30, gurudumu limetoka nje milimita 15. Toka +35 kwenda +50, limeingia ndani milimita 15. Wengi wanaigeuza hii wakiwa dukani, kwa hiyo ukishindwa kukumbuka chukua kalamu uchore, dakika moja tu.

Gari ndogo za kuvuta mbele nyingi zimetoka kiwandani na ofseti ya juu, kati ya 35 na 50 hivi. Usidhani kila gari kubwa ina ofseti ndogo, Prado 120 na 150 zinakuja na karibu 25 lakini Land Cruiser 200 iko juu ya 50, kwa hiyo zile rimu za bakuli zinazopendeza kwenye Prado ukizipeleka kwenye 200, hata kama PCD ingekubali, tairi ingesimama nje ya fenda kabisa.

Alafu ofseti haiishii kwenye kukwaruza. Mhandisi aliyeipanga gari yako alipanga mstari wa kugeukia wa gurudumu ukutane na barabara sehemu fulani ukilinganisha na katikati ya tairi. Ukilisukuma gurudumu nje sana huo mpango umeuvunja, usukani unaanza kuvutwa na kila shimo, ukishika breki upande mmoja ukiwa kwenye mchanga na mwingine kwenye lami gari inavuta, na beringi inabeba uzito kwa mbali zaidi kuliko ilivyotengenezwa, kwa hiyo inaanza kulia mapema. Milimita tano au kumi huwa hazileti shida ya kuonekana. Thelathini zinaleta.

Hesabu, na hii ndio ya kufanya ukiwa bado dukani

Inchi moja ni milimita 25.4. Chukua upana wa rimu, zidisha kwa 25.4, gawa kwa mbili. Ukitoa ofseti unapata rimu imeenda nje kiasi gani kutoka usawa wa habu. Ukijumlisha ofseti unapata imeingia ndani kiasi gani. Fanya kwa rimu yako ya sasa, fanya kwa mpya, alafu linganisha.

Tuseme rimu uliyonayo ni 15x6 ofseti 45. Upana ni 152.4, nusu yake 76.2. Nje ni 76.2 toa 45, yani 31.2. Ndani ni 76.2 jumlisha 45, yani 121.2.

Umeonyeshwa rimu kali ya 17x7.5 ofseti 35. Upana 190.5, nusu 95.25. Nje 60.25, ndani 130.25. Maana yake tairi itatoka nje milimita 29 zaidi ya sasa, na kwa ndani itasogelea shokapu milimita 9. Nje 29 ni karibu sentimita tatu, kwenye gari nyingi ndogo hapo fenda inalamba tairi ukibeba watu nyuma.

Rimu ya jirani yake ni 17x7 ofseti 45. Upana 177.8, nusu 88.9. Nje 43.9, ndani 133.9. Imeongezeka 12.7 kila upande. Kwa nje sawa, kwa ndani ni lazima ukapime nafasi ya shokapu kwanza.

Ya tatu ni 17x7 ofseti 40. Nje 48.9, ndani 128.9, yani nje imeongezeka 17.7 na ndani 7.7. Kwangu mimi kati ya hizo tatu hii ndio ningeipima kwanza kwenye gari, kwa sababu ndani ndio sehemu isiyosamehe. Nje tairi ikigusa unasikia na kuona alama kwenye fenda. Ndani inasaga polepole kwenye shokapu au kwenye mpira wa breki na huoni kitu mpaka tairi ikapasuka ukuta wa ndani, tena ukiwa spidi.

Sasa lala chini, au geuza usukani wote upande mmoja uchungulie, upime nafasi iliyopo leo kati ya ukuta wa ndani wa tairi na shokapu. Pia kati ya tairi na plastiki ya ndani ya fenda, na kwa nje shusha uzi wenye nati kutoka ukingo wa fenda uone tairi imebaki ndani milimita ngapi. Hizo namba tatu ziandike kwenye simu. Kama ndani una milimita 15 na rimu inakula 7.7 basi zinabaki 7 na kidogo, inapita. Kama una 10 na rimu inataka 12.7 hakuna cha kujadili. Ila kumbuka hesabu hii ni ya rimu, tairi ukiongeza upana nayo inakula yake, kutoka 195 kwenda 225 ni milimita 30 zaidi, gawa kila upande kama 15. Watu wanapiga hesabu ya rimu vizuri alafu wanavalisha tairi pana na kila kitu kinaharibika.

Kama rimu haina maandishi, au yamefutika kwa rangi, ofseti unaipima mwenyewe. Laza rimu isiyo na tairi kifudifudi, uso mzuri chini juu ya kadibodi. Weka ubao ulionyooka juu ya mdomo wa nyuma, pima kutoka chini ya ubao mpaka ule uso unaokaa kwenye habu. Pima pia upana wote mdomo kwa mdomo, ugawe kwa mbili. Cha kwanza ukitoa cha pili unapata ofseti. Mfano upana wote ni 203, nusu 101.5, na kutoka ubao hadi kwenye uso ni 141.5, basi ofseti ni +40. Hapa tumia upana wote wa nje, sio ule wa kwenye maandishi, ukivichanganya jibu linatoka uongo.

Breki nazo zina neno

Ofseti inaweza kukubali na rimu bado ikagoma kwa sababu spoku zinagonga kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Rimu mbili zenye vipimo vyote sawa, moja inapita na nyingine inagonga, tofauti ni spoku zimepinda vipi kwa nyuma. Hakuna namba inayoandikwa kwa ajili hiyo. Unaivalisha, unaizungusha kwa mkono, unasikiliza, unapitisha karatasi ngumu kati ya spoku na kalipa. Wenye Crown na Mark X zenye breki kubwa wanaoshusha kutoka 18 kwenda 16 ndio wanakutana sana na hili, na wenye Subaru STI.

Tairi: usibadilishe kimo cha gari bila kujua

Tairi 195/65R15 kimo chake ni hivi, asilimia 65 ya 195 ni 126.75, mara mbili 253.5, jumlisha inchi 15 ambazo ni 381, unapata 634.5. Ukienda 17 unatafuta tairi ya kimo hicho hicho. 205/50R17 inatoa 636.8, safi. 225/45R17 inatoa 634.3, safi pia ila inataka rimu ya kuanzia inchi 7 mpaka 8.5, na 205/50 inakaa kwenye 5.5 mpaka 7.5. Sasa mtu anakuta 215/60R17 za mtumba bei nzuri anaziweka. Hiyo ni 689.8, karibu asilimia 9 zaidi, spidomita ikisema 80 wewe uko 87, na tairi inagonga plastiki ya fenda kila ukikata kona. Kuongeza mpaka asilimia 2 au 3 ndio watu wa tairi wanakubali, zaidi ya hapo unatafuta shida.

Na usiache namba ya uzito. 195/65R15 nyingi zina 91, maana yake tairi moja inabeba kilo 615. 205/50R17 ya kawaida ni 89, kilo 580, kwa hiyo umeongeza urembo umepunguza uwezo. Tafuta ile ya XL, yani iliyoongezewa nguvu, yenye 93, inabeba 650. Kwa gari ya familia inayosafiri mkoani Desemba na watu watano na mizigo mpaka kwenye paa, hii namba naiona muhimu kuliko rangi ya rimu.

Kuhusu inchi zenyewe nasema wazi ninavyoona. Kwa barabara za Dar, na nadhani hata Nairobi, inchi moja juu ya ulizotoka nazo ndio ukomo wa busara. Kutoka 15 kwenda 16 na tairi 205/55R16, kimo 631.9, gari inapendeza na ukuta wa tairi bado unatosha kunyonya shimo. Ukienda 18 kwenye Premio unabaki na ukuta mwembamba, shimo moja usiku rimu imepinda au imepata ufa. Kwenye rimu za mtumba, pale Gerezani au Kirinyaga Road au popote, uliza kwanza kama imewahi kunyooshwa au kuchomelewa, alafu usitegemee jibu, iangalie mwenyewe mdomo wa ndani kwa tochi. Rangi mpya upande wa ndani tu ni dalili. Omba iwekwe kwenye mashine ya balansi bila tairi izungushwe, ikiyumba utaiona kwa macho. Rimu iliyochomelewa kwenye spoku usiichukue kabisa, ya kwenye mdomo tu wengine wanaitumia miaka, mimi siishauri kwa gurudumu la mbele.

Speisa

Speisa ni kile kipande cha duara kinachowekwa kati ya habu na rimu, inasukuma gurudumu nje, kwa hiyo inapunguza ofseti kwa unene wake. Rimu +45 na speisa ya 15 unakuwa na +30. Inasaidia pale rimu inapogusa shokapu kwa milimita chache, au ofseti yako ni kubwa mno kwa gari. Shida ni zile nyembamba zinazochomekwa tu kwenye stadi, zinakula nyuzi. Kanuni ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi. Stadi ya Toyota ndogo ni 12x1.5, kila mzunguko ni milimita 1.5, kwa hiyo hesabu nati inazunguka mara ngapi kutoka inaposhika mpaka inapokaza, isipungue mizunguko 8. Nissan na Subaru ni 12x1.25, hesabu 10. Ikipungua hapo toa speisa au weka stadi ndefu. Zile nene za kuanzia 15 au 20 zina stadi zake, hizo ni salama zaidi zikiwa za aluminiamu nzuri na tundu la katikati sahihi, ila angalia stadi za gari zisitokeze zikagonga mgongo wa rimu. Speisa mbili kwa pamoja, moja juu ya nyingine, hapana.

Nati ziendane na rimu

Nati ya rimu ya chuma, ya aloi ya kiwandani na ya sporti rimu zinaweza kuwa tofauti japo nyuzi ni zile zile. Sporti rimu nyingi zinataka nati ya koni ya digrii 60. Baadhi ya rimu za aloi za Toyota kutoka kiwandani zinataka nati yenye shingo na washa bapa. Honda za kiwandani zinatumia nati yenye kichwa cha mviringo kama mpira. Ukiweka nati ya washa bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, unakaza mpaka jasho linatoka na bado inalegea. Angalia tundu la rimu, angalia nati, vishikane uso kwa uso. Na za zamani zihifadhi kwenye buti, maana tairi ya spea bado ni rimu ya chuma na itazihitaji.

Kuvalisha na kujaribu

Usinunue zote nne kabla ya kujaribu moja, muuzaji anayekataa kujaribu moja mbele na moja nyuma tafuta mwingine. Valisha ya mbele ikiwa na tairi ile ile utakayotumia, kaza nati kwa mpangilio wa nyota, sio kuzunguka, ukiwa umeinua gari, zungusha gurudumu kwa mkono kusikiliza kalipa. Shusha, geuza usukani wote kushoto, wote kulia, chungulia ndani na tochi kila upande. Alafu paka chaki kwenye mabega ya tairi, nje na ndani, jaza watu, pita kwenye tuta taratibu, rudi nyuma huku umekata kona, kisha simama uangalie. Chaki ikifutika mahali ambapo hapagusi barabara, hapo ndipo panaposaga. Nyuma usisahau, gari inapobeba mizigo nyuma ndio inashuka zaidi, na gari yenye springi zilizokatwa inahitaji nafasi kubwa kuliko hesabu inavyoonyesha.

Tairi ikiwa imetokeza nje ya fenda, mimi naona irudi dukani. Japani kwenyewe zinakotoka gari hizi, tangu 2017 wanaruhusu sehemu ndogo ya tairi itokeze isiyofika milimita 10, rimu yenyewe hairuhusiwi, na wale ni watu wanaopenda rimu kweli kweli. Huku kwetu tairi iliyotokeza inarusha mawe na matope kwenye milango yako na kwa bodaboda aliye pembeni yako.

Ukiridhika kaza kwa torki spana, Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm, na usiache fundi amalize na mashine ya upepo maana ile inakaza bila kipimo, diski inapinda na siku ya pancha njiani huwezi kuzifungua. Fanya alaimenti. Endesha kama kilomita 80 hadi 100, alafu rudia kukaza nati zote gari ikiwa imepoa, na ukiwa umeinama hapo pitisha mkono kwenye ukuta wa ndani wa kila tairi ya mbele, ukikuta mstari laini unaong'aa kuzunguka tairi yote, rimu hiyo inagusa kitu, itoe leo.